Unguja hadi Pemba kwa Ndege: Umbali na Muda

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Unguja, na uwanja wa ndege wa Pemba kuna kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya pangaboi aina ya Cessna 208 Caravan, inayojulikana sana katika njia hii, huzimaliza kilomita hizo kwa muda wa karibu nusu saa. Takwimu ya kwanza ikishapimwa hubaki ilivyo. Ya pili hubadilika kutwa kucha, na mara nyingi kinachoibadilisha ni mambo yanayotokea kwenye ncha mbili za safari, pale ndege inapoondoka na pale inapotua.

Uwanja wa Unguja uko kusini mwa Mji Mkongwe, mwendo wa kilomita kama 5, katika latitudo ya nyuzi 6 na dakika 13.3 kusini na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 13.5 mashariki. Uwanja wa Pemba uko nje kidogo ya Chake Chake, katika latitudo ya nyuzi 5 na dakika 15.4 kusini na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 48.7 mashariki. Dakika zinazotajwa hapa ni sehemu za uzi: kila uzi mmoja wa pembe hugawanywa katika dakika 60. Kwa namba hizi nne tu, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuupata umbali wa visiwa hivi kwa kalamu na karatasi.

Kinachorahisisha kazi ni maili ya baharini. Kipimo hiki kilibuniwa kutokana na umbo la dunia yenyewe, ili dakika moja ya latitudo iwe sawa na maili moja. Mwaka 1929 urefu wake uliwekwa rasmi kimataifa kuwa mita 1,852, na hadi leo mabaharia na marubani wanautumia. Tofauti ya latitudo kati ya viwanja hivi viwili ni dakika 57.9, basi Pemba iko maili za baharini 57.9 kaskazini mwa Unguja. Tofauti ya longitudo ni dakika 35.2, lakini hapa inatakiwa hadhari kidogo, kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyokaribia ncha za dunia. Karibu na ikweta msogeleano huo ni mdogo mno. Katika latitudo ya Zanzibar, dakika moja ya longitudo ina maili 0.995, hivyo Pemba iko maili 35 mashariki mwa Unguja. Yanayobaki ni ya Pythagoras: mraba wa 57.9 ukijumlishwa na mraba wa 35 hutoa takriban 4,577, na kipeuo chake cha pili ni maili 67.7. Zikizidishwa kwa 1.852, zinapatikana kilomita 125.3.

Njia hii huichukulia sehemu hiyo ya bahari kuwa bapa kama karatasi, ingawa dunia ni mviringo. Kwa masafa ya kutoka Dar es Salaam hadi London kosa lingekuwa kubwa, na mkokotoaji hana budi kutumia hesabu za tufe. Kwa Unguja na Pemba, mviringo wa dunia hauongezi hata mita mia moja. Linaloleta tofauti ni jambo jingine: dunia imebonyea kidogo kwenye ncha na kutuna kwenye ikweta. Anayeikokotoa kama tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 hupata kilomita 125.4, anayezingatia ule mbonyeo hupata karibu kilomita 124.9. Hii ndiyo sababu vitabu na programu za kompyuta hutofautiana kwa nusu kilomita juu ya njia ileile, na hakuna aliyekosea kupima. Kila mmoja amechagua umbo lake la dunia.

Mstari huo ukitoka Unguja unaelekea nyuzi 31 kutoka kaskazini halisi kuja mashariki, yaani katikati ya kaskazini na kaskazini-mashariki, na kupindia kidogo upande wa kaskazini-mashariki. Kurudi ni nyuzi 211. Sehemu yake ya kwanza, kiasi cha kilomita 30, inakatisha nchi kavu ya Unguja: vitongoji vya mji, mashamba ya katikati ya kisiwa, kisha pwani ya mashariki maeneo ya Kiwengwa na Pwani Mchangani. Hapo nchi inakwisha. Kisiwa cha Mnemba hubaki mkono wa kushoto, umbali usiozidi kilomita 10. Kisha bahari tupu, zaidi ya kilomita 60, mpaka visiwa vidogo na vichaka vya mikoko vya kusini mwa Pemba vinapojitokeza. Kilomita 25 za mwisho ziko juu ya vilima vya Pemba, vyenye mikarafuu na minazi, hadi Chake Chake.

Anayeitazama ramani huweza kudhani visiwa hivi ni pacha waliokatwa kutoka katika bamba moja la ardhi. Sivyo. Unguja imekaa juu ya rafu ya bara, na bahari kati yake na Bagamoyo haina kina kirefu. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo ambao kina chake hufikia mamia ya mita. Kwa ndege tofauti hii haina maana, kwani angani hakuna kina wala miamba. Kwa vyombo vya baharini ina maana kubwa, kwa sababu maji kati ya ncha ya Unguja, Nungwi, na kusini mwa Pemba huwa na mikondo yenye nguvu na mawimbi makubwa. Ni katika safari ya njia hiyo ambapo meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaa watu kupita kiasi, na mamia ya familia za Unguja na Pemba zikabaki na msiba. Tangu hapo, kwa watu wengi wa Pemba swali la kwenda kwa ndege au kwa boti halikuwa tena la nauli na saa peke yake.

Muda wa angani huanza na mgawanyo rahisi: umbali kugawanywa kwa mwendo. Caravan ikishatulia angani huenda takriban maili za baharini 160 kwa saa, yaani kilomita 296. Maili 67.7 zikigawanywa kwa mwendo huo hutoa dakika 25 na sekunde kama 24. Ndege kubwa zaidi ya pangaboi mbili kama ATR 72, yenye mwendo wa karibu maili 275 kwa saa, ingehitaji dakika 15 kwa hesabu hiyohiyo. Zipo programu za mtandaoni zinazokokotoa muda wa safari yoyote duniani kwa kudhani kila ndege ni jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa. Kwa Unguja na Pemba hutoa jibu la dakika 9. Nyingine huongeza nusu saa ya kuondoka na kutua, na kupata dakika 39. Majibu yote mawili yamepatikana bila kuitazama njia yenyewe, na msafiri anayepanga siku yake kwa namba hizo anapotoshwa.

Hesabu ya dakika 25 nayo ina upungufu wake, kwa kuwa ndege haianzi safari ikiwa na mwendo wake kamili. Inaondoka ikiwa imesimama, inapanda, kisha inashuka. Caravan hupanda kwa kiasi cha futi 800 kila dakika, huku mwendo wake wa mbele ukiwa umepungua sana, kiasi cha maili 110 hadi 120 kwa saa. Njia ya kwenda Pemba inaelekea upande wa mashariki, na kanuni za kimataifa za anga huwataka marubani wanaoongozwa na macho yao, wakishavuka futi 3,000, washike urefu wa maelfu ya witiri pamoja na futi 500: 5,500 au 7,500, kwa mfano. Wanaorudi Unguja, kwa kuwa wanaelekea magharibi, hushika maelfu ya shufwa: 4,500 au 6,500. Kwa hiyo ndege mbili zikipishana njiani huwa na futi 1,000 kati yao, hata kama hakuna rubani aliyemwona mwenzake.

Kupanda hadi futi 5,500 huchukua dakika 7. Kushuka huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ndege hii haina mfumo wa kutunza kanieneo ya hewa ndani, na masikio ya abiria, hasa watoto wachanga, huumia ikishuka kwa haraka. Rubani mwangalifu hushuka futi 500 kwa dakika, na hilo ni kama dakika 11. Katika safari nzima, basi, kipindi cha kwenda sawasawa hakifiki nusu. Abiria aliyekaa dirishani huona bawa likiwa limeinuka, likitulia kwa muda mfupi, na mara ndege imeanza kushuka huku Pemba ikiwa bado kivuli cha kijani mbele. Hasara ya mwendo wakati wa kupanda huongeza dakika 2 hivi. Wakati wa kushuka ndege inaweza kufidia kidogo kwa kuongeza kasi.

Upepo ndio wenye mengi ya kuelezwa, na pwani hii ina historia ndefu nao. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba kutoka kusini na kusini-mashariki. Ndege iliyo angani hubebwa na hewa inamopita kama mtumbwi unavyobebwa na maji ya mto: mwendo wake juu ya ardhi ni mwendo wake mwenyewe ukiongezwa au ukipunguzwa na mwendo wa hewa. Njia ya nyuzi 31 imeelekezwa karibu moja kwa moja kwenye chanzo cha kaskazi. Ikivuma maili 15 kwa saa, Caravan inayokwenda Pemba hukabili upepo wa omo, mwendo wake hushuka hadi 145, na dakika 25 huwa 28. Kurudi, upepo huohuo huisukuma kutoka nyuma, mwendo hufika 175, na safari huwa dakika 23 na kidogo.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Ingedhaniwa kwamba kilichopotea wakati wa kwenda hurudishwa chote wakati wa kurudi. Jumla ya safari mbili zenye kaskazi ni dakika 51.2, na bila upepo wowote ni dakika 50.8. Tofauti ni sekunde kama 27, lakini ipo daima, na hukua kadiri upepo unavyokuwa mkali. Sababu ni kwamba ndege hutumia muda mwingi zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisukuma.

Ila hesabu ya angani peke yake haitoshi, kwa sababu ndege hupaa na kutua ikiuelekea upepo. Njia ya kurukia ya Unguja, yenye urefu wa karibu kilomita 3, imelazwa kaskazini na kusini. Ncha zake zina namba 18 na 36, maana yake nyuzi 180 na 360. Njia ya Pemba, yenye nusu ya urefu huo, ina namba 03 na 21: nyuzi 30 na nyuzi 210. Zikilinganishwa namba hizi na mwelekeo wa safari, nyuzi 31 kwenda na 211 kurudi, inaonekana kwamba njia ya Pemba imelala karibu sawasawa na mstari wa safari yenyewe.

Matokeo yake ni haya. Msimu wa kaskazi, ndege inayokwenda Pemba hupaa ikielekea kaskazini, tayari inakabili upande inakokwenda. Inapokaribia Chake Chake hukuta njia ya kurukia imenyooka mbele yake, nayo hushuka moja kwa moja bila kuzunguka. Upepo umeichelewesha dakika 2 na nusu angani, lakini ncha zote mbili za safari zimenyooka. Msimu wa kusi mambo hugeuka. Ndege hupaa ikielekea kusini, kinyume na Pemba, kisha hujipinda kurudi kaskazini. Upepo huisukuma, labda kwa maili 10 kwa saa, na kuokoa dakika 1 na nusu. Ikifika Pemba haiwezi kutua moja kwa moja; lazima iupite uwanja kwa pembeni, igeuke, na kushuka ikielekea kusini-magharibi. Mizunguko hiyo miwili kwa urahisi hula dakika 5 au zaidi. Kwa hiyo upepo wa kusi, ambao majahazi yameutegemea kwa karne nyingi kwenda kaskazini, humfikisha abiria wa ndege akiwa amechelewa kidogo kuliko kaskazi inayompiga usoni.

Wakati wa kurudi kanuni ni ileile, kinyume chake. Kusi ikivuma, ndege hupaa kutoka Pemba ikielekea Unguja na kutua Unguja ikitokea kaskazini, bila mzunguko wowote, ingawa inapambana na upepo. Mahali popote ambapo viwanja viwili vina njia za kurukia zinazofuata mstari wa safari, upepo wa mbele huja pamoja na ncha zilizonyooka, na upepo wa nyuma huja pamoja na mizunguko. Katika safari ya saa kumi, mzunguko wa dakika 3 hauonekani. Katika safari ya dakika 25, ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Upepo ukiwa hafifu, rubani huweza kuomba mnara wa kuongozea ndege umpe upande unaomfaa, na mara nyingi hukubaliwa kama hakuna ndege nyingine inayosubiri.

Lakini mara nyingi ipo inayosubiri. Unguja hupokea ndege kubwa za kimataifa zinazoleta watalii, na nyuma ya ndege kubwa inayopaa hewa hubaki ikisokotwa kwa nguvu inayoweza kuibinua ndege ndogo. Kwa hiyo Caravan inayofuata hutakiwa kusubiri angalau dakika 2 kabla ya kupaa. Ikiongezwa safari ya kutoka maegeshoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia, dakika zinazotumika ardhini Unguja peke yake zinaweza kufika 8 au 10. Pemba huwa ni haraka zaidi, kwa kuwa uwanja ni mdogo na ndege ni chache.

Mvua zina madhara madogo kuliko inavyodhaniwa. Wakati wa masika na vuli mawingu mazito ya ngurumo hujijenga juu ya visiwa, na rubani huyakwepa. Ndege ikipinda nyuzi 20 kutoka kwenye mstari wake hadi katikati ya safari, kisha ikarudi kwa pembe ileile, huongeza kilomita 8 tu, chini ya dakika 2. Kinachochelewesha kweli ni wingu likikaa juu ya uwanja wenyewe, kwa sababu hapo hakuna pa kukwepea: ni kusubiri, au kwenda kwingine.

Hilo la kwenda kwingine hupangwa kabla ya kuondoka. Kwa safari za mchana za kuongozwa na macho, kanuni za kimataifa hudai akiba ya mafuta ya dakika 30 baada ya kufika. Katika njia hii akiba ni ndefu kuliko muda wa safari yenyewe. Ramani nayo hutoa jibu ambalo wasafiri wachache wanalijua. Uwanja ulio karibu zaidi na Chake Chake kwa ndege ya aina hii ni Tanga, umbali wa kilomita 84 tu, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Unguja, ambayo Pemba inashirikiana nayo serikali, hospitali kubwa na soko, iko mbali kwa kilomita 41 zaidi.

Muda unaoandikwa kwenye ratiba hujumuisha yote haya. Mashirika huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea maegeshoni hadi inaposimama kwingine, na huongeza dakika chache za tahadhari. Ndiyo maana safari inayohitaji dakika 25 katika karatasi ya hesabu huuzwa kama dakika 30 au 35. Hakuna udanganyifu katika hilo. Ratiba inayofuata hesabu tupu ingechelewa kila siku.

Kwa anayesafiri, saa huanza mlangoni kwake. Kutoka Mji Mkongwe hadi uwanjani, kupima mizigo, ukaguzi na kusubiri kunaweza kuchukua saa moja na nusu. Kutoka uwanja wa Pemba hadi Wete, kaskazini mwa kisiwa, ni safari nyingine ya barabara. Safari ya dakika 30 angani huwa saa mbili na nusu au tatu za siku ya mtu. Boti ya kasi kutoka bandari ya Malindi mjini Unguja lazima iambae na pwani ya magharibi ya Unguja kwanza, ivuke baada ya Nungwi, na itie nanga Mkoani, kusini mwa Pemba, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 unaochukua zaidi ya saa mbili majini bahari ikiwa tulivu. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni ndogo kuliko ratiba zinavyoonyesha kwa msafiri mzima wa afya anayekaa karibu na Malindi. Kwa mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au mama mjamzito aliyepata matatizo, ni tofauti ya kulazwa kwa utulivu dhidi ya kurushwa na mawimbi, na hapo nusu saa ya angani ina thamani ambayo hakuna hesabu ya kilomita inayoweza kuionyesha. Pemba ingestahili safari nyingi zaidi za ndege kwa sababu hiyo peke yake.

Wengi wanaokwenda Pemba huanzia Dar es Salaam. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Pemba kwa mstari ulionyooka ni kilomita 191 au 192. Kupitia Unguja, ni kilomita 73 na kisha 125, jumla 198. Kwa umbali, kupitia Unguja huongeza kilomita 6 au 7, ambazo Caravan huzimaliza kwa dakika 1 na nusu. Kwa muda, huongeza kushuka mara moja zaidi, kusogea hadi maegeshoni, kushusha na kupakia abiria, kusubiri zamu nyuma ya ndege kubwa, na kupanda upya: dakika 30 ikienda vizuri.